Nyigu Karibu na Nyumba: Yupi Aondolewe na Yupi Aachwe

Mazungumzo kwa wenye nyumba na wakulima wa Migori na Homa Bay

Mvua ndefu zinapoanza kunyesha katika nchi iliyo kusini ya Ghuba ya Winam, tangu Kendu Bay na Oyugis hata Muhuru na mpaka wa Isebania, kazi ya shamba huwa nyingi na watu hawapati nafasi ya kutazama juu. Wakati huo nyigu naye huwa kazini. Jike mmoja, au majike wachache pamoja, hutafuta mahali pakavu penye kivuli, chini ya ukingo wa paa au ndani ya choo, akaning'iniza hapo kikonyo chembamba na vyumba viwili vitatu. Kitu chote hakizidi ukubwa wa kifungo cha koti, na hapana mtu akionaye. Miezi kadhaa baadaye mahindi yamekwisha vunwa na kuwekwa ghalani. Mtoto hutumwa kuleta mahindi ya kusaga. Huinua kifuniko cha nyasi cha lile ghala la kusuka, ambalo Wajaluo huliita dero, na mkono wake hugusa kiota kilichokwisha kuwa kipana kama kiganja cha mtu mzima, nacho kimejaa nyigu.

Mambo yafuatayo hapo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Mtoto hulia, uso huvimba, na kaka yake hukasirika. Jioni huyo kaka hufunga tambara penye ncha ya mti mrefu, hulichovya katika mafuta ya taa, huliwasha, na kwenda kulipiza kisasi. Nyigu huungua kweli. Lakini nyasi za kifuniko nazo ni chakula cha moto, hasa katika ukavu wa Januari na Februari, na upepo wa ziwani haungoji ruhusa ya mtu. Nyanya mwenye ghala akimwambia kijana, "Mjukuu wangu, nyigu hao hawali mahindi, moto wako ndio utakaoyala," basi amesema kweli tupu. Nyigu hawezi kupunguza hata kibaba kimoja katika chakula cha nyumba ile. Moto hula cha mwaka mzima kwa muda wa kuchota maji mara moja, na ukiruka hufika jikoni na nyumba ya kulala.

Wengine hudhani kwamba hatari hiyo ni ya nyumba za nyasi peke yake. Sivyo. Chini ya bati mna boriti na fito kavu, pengine na dari ya mbao laini, na mtu arushaye petroli juu ya kiota huirusha pia juu ya nguo zake mwenyewe. Mvuke wa petroli huwaka kabla ya kiberiti kufika penye kiota. Basi jambo la kwanza ni hili, nalo halina majadiliano: moto usitumike kabisa kuondoa nyigu, si wa mwenge, si wa petroli, si wa gazeti lililokunjwa.

Jambo la pili lahitaji maneno mengi zaidi, kwa maana si kila mdudu aitwaye nyigu ni wa namna moja, na yafaa mtu amjue amtakaye kumwondoa.

Yuko yule mwembamba mwenye kiuno kama uzi na miguu mirefu inayoning'inia akiruka, rangi yake kahawia au nyeusi, pengine ana mistari ya manjano. Watu humwita nyigu, wengine dondora, na akiwa mkubwa huitwa mavu. Huyu hukwangua mbao za ua na nguzo zilizozeeka, hutafuna ule unga pamoja na mate yake, na kujenga kwa kitu kinachofanana na karatasi. Katika Ulaya wako nyigu wanaofunika kiota chao kwa ganda la karatasi kama mpira, au wanaojenga chini ya ardhi, na mafundisho mengi yaliyoandikwa huko ni ya viota vya namna hiyo. Huku kwetu kiota kwa kawaida huwa wazi, vyumba vikitazama chini kama sega lisilofunikwa, na hilo hurahisisha kazi kwa anayejua. Nyigu huyu huishi kwa jamaa. Akiguswa kiota chake humuuma mtu, naye aweza kumuuma mara nyingi, kwa sababu mwiba wake ni laini wala haubaki katika ngozi. Wanaouma ni majike tu, ila hapana mtu mwenye nafasi ya kuuliza swali hilo wakati ule.

Yuko tena nyigu wa udongo. Huyu huchota tope ukingoni mwa mto au chini ya bomba la maji, na kulibandika ukutani, nyuma ya picha, katika tundu la kufuli, hata ndani ya mpira wa maji uliosahauliwa. Mama wengi humwogopa kwa sababu ya kiuno chake kirefu na mlio wake akifinyanga. Lakini huyu huishi peke yake, hana jamaa wa kutetea, na ni vigumu sana kumfanya aume. Mtu akivunja kile kidonge cha udongo atakuta ndani buibui waliolala kama wamekufa. Hawakufa, wamechomwa mwiba wakapooza, wawe chakula kibichi cha buu litakaloanguliwa humo. Wako na wafinyanzi wengine, wajengao vijungu vidogo vizuri vyenye shingo, ambao hujaza viwavi badala ya buibui. Haifai kuwasumbua hawa. Uchafu wao ukichukiza ukutani, kisu butu chatosha kuubandua wakati wa mchana, baada ya mwenyewe kuruka kwenda zake.

Na nyuki si nyigu. Hili laonekana dogo, lakini limewaponza watu. Mtu huona kundi likiingia na kutoka katika tundu la ukuta au penye dari, akadhani ni nyigu, akaenda na ndoo ya maji ya sabuni kama mazungumzo haya yatakavyoeleza. Kiota cha nyigu cha huku huwa na makumi ya wadudu; mzinga mmoja wa nyuki huwa na maelfu kwa maelfu, nao hufuata mtu mbali. Mdudu akiwa na manyoya mwilini, akiwa mnene, na akibeba chavua ya manjano miguuni, ni nyuki. Aitwe mrina asali, na mwenye nyumba asijaribu peke yake. Huyo mrina aweza pia kuwahamisha wakiwa hai, wakamletea faida.

Sasa yafaa kuuliza hao nyigu wa karatasi wanafanya nini mchana kutwa, maana mtu akiketi chini ya mwembe na kuwatazama ataona wanakwenda na kurudi bila kupumzika. Jibu ni kwamba wanawinda. Nyigu mkubwa mwenyewe hunywa maji matamu ya maua na utomvu wa matunda; lakini mabuu yaliyo katika vyumba hutaka nyama, na nyama yao ni viwavi. Nyigu hushuka shambani, hutafuta katikati ya majani ya mahindi, ya sukuma wiki na ya maharagwe, akamkamata kiwavi, akamtafuna hata awe donge, na kulipeleka nyumbani. Mwaka 2016 kiwavijeshi kutoka Amerika alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2017 akafika Kenya. Mkulima wa Rongo au Ndhiwa ambaye tangu hapo ameona moyo wa mahindi yake ukitobolewa hahitaji kuelezwa hasara ya mdudu huyo. Nyigu hawezi kummaliza, na mtu asidanganywe kwamba ataacha kukagua shamba kwa sababu ana viota uani. Lakini kila donge linalopelekwa kiotani ni kiwavi mmoja ambaye hakununuliwa dawa.

Na jamaa za nyigu ni wengi kuliko hao waonekanao. Huko Mbita, katika Homa Bay yenyewe, penye ukingo wa ziwa, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha taasisi ya icipe, ambayo ilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo; na kituo hicho cha Mbita sasa chaitwa kwa jina lake. Kazi kubwa iliyofanyika huko kwa miaka mingi ni juu ya funza wanaotoboa mashina ya mahindi na mtama, na juu ya nyigu wadogo sana wanaowaua funza hao. Nyigu huyo mdogo hafiki hata urefu wa punje ya wimbi mbili zikipangwa, wala hana uwezo wa kumuuma mtu. Huingia katika tundu la shina, humfuata funza gizani, na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Mabuu hula funza kutoka ndani, kisha hutoka nje na kujisokotea vifuko vyeupe, vilivyokusanyika kama pamba iliyodondoka. Wakulima wengi wakipasua shina na kuona weupe ule hudhani ni mayai ya adui, wakauponda kwa kidole. Wameponda askari wao wenyewe.

Mmoja wa nyigu hao ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani. Ndugu yake aliletwa kutoka Asia na kuachwa huru nchini Kenya mwaka 1993, kwa sababu funza mmoja mbaya sana naye alitoka Asia, na kule kwao huyo nyigu ndiye aliyekuwa mwindaji wake. Jambo la ajabu zaidi lilionekana katika nyasi. Iko nyasi moja inayonata mkononi na kunuka kama sukari guru. Watafiti walipoipanda katikati ya mahindi waliona funza wamepungua na nyigu wadogo wameongezeka. Na mwaka 1997 walitangaza sababu yake, kwamba nyasi hiyo hutoa harufu ileile itolewayo na mmea unapoliwa na wadudu, na harufu hiyo kwa nyigu ni mwito wa kuja kula. Kutokana na kazi kama hiyo ulitokea ukulima unaojulikana sasa na wakulima wengi wa sehemu za Suba na Mbita, wa kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na matete ya ng'ombe kuzunguka shamba ili kumvuta nje. Desmodiamu tena hulizuia lile gugu baya liitwalo kayongo, na ng'ombe hula majani yake. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Hata muhogo una deni kwa nyigu. Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, aliyetoka Amerika ya Kusini, aliingia Afrika kwa upande wa Kongo na kuanza kukausha mihogo nchi baada ya nchi. Nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 aliletwa Nigeria mwaka huohuo, akaenezwa katika nchi nyingi, na mdudu yule akapungua hata muhogo ukaokoka. Msimamizi wa kazi hiyo, Mswisi Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, wakati alipokuwa amekwisha kuwa mkuu wa icipe ile ile yenye kituo chake Mbita.

Baada ya kusikia hayo mtu aweza kusema kwamba basi nyigu wasiguswe kamwe. Hayo nayo ni kupita kiasi. Mtoto anayetambaa hajui habari za Paraguay. Kinachotakiwa ni kupima mahali. Kiota kilicho juu ya mlango, dirishani, ndani ya choo, chini ya kifuniko cha ghala, penye kamba ya kuanikia nguo, katika banda la ndama, au penye njia ambayo watoto huipita kwenda shule, hicho kiondolewe, wala mtu asione huruma. Kiota kilicho juu sana katika mti, au katika ua wa mnyaa mbali na njia, au mwisho wa shamba ambako hapana apitaye ila wakati wa palizi, kiachwe, na wenye boma waambiwe kipo wapi. Yaliyo katikati ya hayo mawili aamue mwenye nyumba. Ila nyumba yenye mtu ambaye aliwahi kuumwa na nyigu au nyuki akashindwa kupumua, au akazimia, haina nafasi ya kupima: kila kiota kilicho karibu kiondolewe, na asiondoe yeye.

Katika mashamba ya miwa ya Awendo na Ndhiwa neno hilo la kuambiana lina uzito zaidi. Mkata miwa huinama, na panga lake hufika penye kiota kabla ya macho yake. Aliyekiona kiota jana akafunga tambara jekundu penye muwa wa karibu amemfadhili mwenzake wa leo.

Namna ya kukiondoa ni hii. Mchana mtu atazame kwa mbali, ajue kiota kiko wapi hasa, kina ukubwa gani, na njia ya kukimbilia ni ipi. Kama pana ngoma ya maji au kinyesi cha kujikwaa njiani, kiondolewe kukingali mwanga. Kazi yenyewe ifanywe usiku, saa mbili au saa tatu baada ya giza kuingia, au alfajiri kabla ya jua, wakati nyigu wote wamerudi na baridi imewalegeza. Watoto, mbuzi na mbwa wafungiwe ndani. Mfanyaji avae suruali ndefu na soksi juu yake, shati la mikono mirefu lililofungwa shingoni, glavu kama zipo, na kofia pana yenye kipande cha chandarua kilichoshuka hata mabegani. Chandarua kilichochakaa ambacho hakifai tena kitandani chafaa sana kwa kazi hii.

Tochi asiishike mkononi wala asiifunge kichwani, kwa sababu nyigu atakayeruka atafuata mwanga. Iwekwe kando, hatua kadhaa, juu ya kiti, nayo ifunikwe kwa kitambaa chekundu chembamba. Macho ya nyigu hayaioni vema rangi nyekundu, lakini macho ya mtu yataona ya kutosha.

Dawa ni maji ya sabuni. Vijiko 2 au 3 vya chakula vya sabuni ya unga, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vikorogwe katika lita 1 ya maji hata povu litoke. Watu hucheka wakisikia hivyo, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba kisichonuka hakiui. Nyigu hapumui kwa pua. Ana vitundu vidogo ubavuni. Maji matupu huteleza juu ya mwili wake, lakini sabuni huyafanya yashike na kuingia katika vitundu hivyo, naye hufa mara moja bila kuruka mbali. Kama kiota kiko chini, njia nzuri kuliko zote ni kuinua sufuria pana yenye maji hayo polepole kutoka chini, hata kiota chote kizame ndani, na kuishikilia hapo kwa dakika nzima kabla ya kukikata kikonyo. Kama kiko juu kidogo, itumike pampu ya mkono ya kunyunyizia, ambayo haikuwahi kutiwa sumu, na maji yamwagwe kwa wingi na kwa haraka, si kwa matone. Mfanyaji asisimame chini ya kiota sawasawa, bali kando.

Asipande ngazi. Neno hili litachukiza wengi, maana viota vingi viko juu. Lakini aliyeumwa jichoni akiwa chini huruka nyuma tu. Aliyeumwa akiwa juu ya ngazi huanguka, na mguu uliovunjika hukaa miezi, hali nyigu aliyeuvunja amekwisha sahauliwa. Kiota kilicho juu kuliko mwisho wa mti mrefu wenye pampu, atafutwe fundi mwenye mavazi ya kazi hiyo, au kiachwe hapo kama hakimsumbui mtu.

Watu wengine watauliza kwa nini wasitumie ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, au iliyobaki katika chupa ya shambani. Iko mkononi, na inaua. Lakini dawa hiyo ilipimwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe au majani ya nyanya, si kwa ajili ya paa la jiko. Itadondoka juu ya mahindi ghalani, juu ya mtungi wa maji, juu ya sufuria. Kuku wataokota nyigu waliokufa, na mtoto atakula yai. Isitoshe, sumu peke yake haimalizi wadudu ambao mahali pao pa kukaa hapakubadilishwa. Wazee wa Bonde la Lambwe wanalijua jambo hilo. Mwaka 1981, baada ya ugonjwa wa malale kuzuka tena, ndege zilinyunyiza dawa juu ya vichaka vya bonde hilo ili kuua mbung'o. Mbung'o walipungua sana. Kisha wakarudi, na ikabidi kazi nyingine zifuate, za mitego na za kuwatunza ng'ombe. Dawa ile iliyonyunyizwa, endosalfani, baadaye mataifa yalikubaliana mwaka 2011 iondolewe ulimwenguni. Hapana aliyeitumia wakati ule kwa nia mbaya. Walikuwa wakiokoa watu. Lakini nyigu wa chooni si malale, na hahitaji silaha za namna hiyo. Kama mtu anataka kununua dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa wadudu wa nyumbani, asome maandishi yake, aitumie nje, wala asiirushe karibu na moto wa jiko.

Sasa juu ya mtu aliyeumwa. Walio wengi hupata maumivu makali na uvimbe unaokwisha kwa siku moja au mbili. Atolewe hapo upesi, bila kupunga mikono. Paoshwe kwa maji na sabuni. Pawekwe kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Pete ivuliwe kabla ya kidole kuvimba. Hapana haja ya kuchanja kwa wembe, wala kupaka mafuta ya taa. Ikiwa aliyemuuma ni nyuki, mwiba utabaki katika ngozi ukiendelea kusukuma sumu. Ukwanguliwe mara moja kwa ukucha, maana upesi ni bora kuliko ufundi.

Lakini wako watu wachache ambao miili yao hailivumilii jambo hili hata kidogo, na mara nyingi hawajui mpaka siku hiyo. Mwiba ni wa mguuni, lakini midomo ndiyo inayovimba. Vipele hutoka mwili mzima, sauti hukwaruza, kifua hukoroma, mtu hutapika au huona kizunguzungu na kuanguka. Hayo yaweza kuanza kwa dakika chache, na yaweza kumwua katika muda usiofika saa moja. Hapo hapana mizizi, hapana maziwa, hapana kungoja uvimbe ushuke. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, nayo hupatikana hospitalini. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama anashindwa kupumua aketishwe akiwa ameegemezwa. Asisimamishwe wala asitembezwe, kwa sababu damu imekwisha kushuka, na kumsimamisha ghafula kumewaua watu waliokuwa wanaelekea kupona. Kwa hiyo gari ambamo aweza kulala ni bora kuliko pikipiki ambayo huketishwa wima katikati ya watu wawili. Kama hapana gari, basi pikipiki ni bora kuliko kungoja. Kituo cha afya kilicho karibu kipigiwe simu kwanza kuulizwa kama sindano ipo, kisha apelekwe hapo, au moja kwa moja hospitali kubwa ya Homa Bay au ya Migori, kwa jinsi njia ilivyo. Wa Mfangano na visiwa vingine wasingoje dalili ya pili ndipo watafute mashua. Na akipata nafuu asirudi nyumbani wakati huohuo. Akae chini ya macho ya waganga kwa saa kadhaa, maana hali hiyo yaweza kurudi.

Aliyeumwa kinywani au kooni, kwa mfano aliyekunywa soda ambamo nyigu ameingia, apelekwe hata kama anasema hajambo. Kadhalika aliyeumwa mara nyingi sana, hasa mtoto mdogo au mzee. Sumu nyingi huweza kudhuru figo, na dalili yake huja baada ya siku moja au zaidi: mkojo hupungua na rangi yake huwa kama chai nzito.

Imebaki kazi iliyo ndogo kuliko zote. Kila Jumamosi, au siku yoyote ambayo nyumba hufagiliwa kwa utaratibu, mtu mmoja wa boma azunguke na ufagio wa mti mrefu akitazama chini ya kingo za paa, ndani ya choo, nyuma ya milango isiyofunguliwa mara kwa mara, chini ya ghala, katika matairi na vyungu vya zamani, na katika vibanda vya kukaushia tumbaku huko Kuria ambavyo hukaa bure baada ya msimu. Akikuta kile kifungo cha koti chenye vyumba viwili vitatu, akiangushe kwa ufagio wakati mwenyewe hayupo, apake majivu au chokaa mahali pale. Matundu ya kupitishia hewa yawekwe wavu mwembamba, na nyufa za ukuta zisiribwe. Nyumba isiyopikiwa ndani hupendwa zaidi na nyigu kuliko jiko la kuni, kwa kuwa haina moshi; kwa hiyo mwenye nyumba mpya ya bati asione ajabu akiwapata wengi kuliko walivyopatikana kwa baba yake. Katika shule ukaguzi huo ufanywe siku mbili kabla ya kufunguliwa kwa muhula, maana madarasa yamekaa likizo nzima bila watu.

Kiota kilichotolewa usiku kwa maji ya sabuni kioshwe asubuhi kwa maji safi na kutupwa uani. Mabuu yaliyo ndani ni manono, na kuku huyamaliza kabla ya chai.